Saa, Siku na Miaka: Somo la Afya ya Korodani

(Somo hili lilisemwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome wenyewe polepole, kisha walirudie pamoja na kiongozi wa darasa. Wanaosema ni Mwalimu, na Mzee mmoja aliyekuja kwa niaba ya darasa lake.)

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo: korodani, kujisokota, ngiri, uvimbe, saratani, busha, matende, mpasuaji.

MWALIMU: Natumaini kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, kama redio haisikiki vizuri nyuma, tafadhali uwaambie walio nyuma wasogee mbele. Leo tunaye mgeni, mwanafunzi mwenzenu. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nanyi wenzangu huko mliko, hamjambo. Darasa letu limenituma na maswali. Tulipoambiwa somo la leo ni nini, wengine walicheka na wengine walitazama chini.

MWALIMU: Kucheka si vibaya, wala kutazama chini si vibaya. Somo la leo ni la viungo ambavyo hatuvitaji mbele za watu. Kila kabila na kila mtaa una maneno yake kwa viungo hivi. Mengine ni ya staha na mengine ni ya matusi. Sisi tutatumia neno moja, korodani, na kila mmoja atalisoma bila kuona haya. Nanyi akina mama, msiondoke. Ninyi ndio mnaowaogesha watoto wa kiume, na mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kuambiwa, "Naumwa."

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika somo hili methali hiyo ni kweli tupu. Mwanamume anayeficha maradhi ya korodani aweza kupoteza uzazi wake, na mara nyingine uhai wake.

Nataka mkumbuke jambo moja leo. Maradhi ya korodani huhesabiwa kwa namna tatu. Yako ya kuhesabiwa kwa saa: ukichelewa saa chache, umepoteza. Yako ya kuhesabiwa kwa siku: usiyaache yakafika mwezi. Na yako yaliyokwisha kukaa miaka, ambayo watu hudhani hayana dawa tena, kumbe bado yanatibika. Andikeni maneno matatu, kila moja kwenye mstari wake: SAA. SIKU. MIAKA. Tunangoja kidogo.

Korodani ni nini?

Vizuri. Sasa tuanze na mwili mzima usio na maradhi. Mwanamume ana korodani mbili. Kila moja ni ya mviringo kama yai dogo, nazo zimo ndani ya mfuko wa ngozi. Kazi zake ni mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza mbegu za uzazi. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni ya kiume, yaani kitu kinachoingia katika damu na kumpa mvulana sauti nzito, ndevu na misuli.

MZEE: Mwalimu, kama vitu hivi ni vya thamani hivyo, mbona Mungu ameviweka nje? Moyo uko ndani ya mbavu, na ubongo uko ndani ya fuvu.

MWALIMU: Swali zuri sana. Sababu ni joto. Mbegu za uzazi hutengenezwa vizuri mahali penye ubaridi kidogo kuliko ndani ya mwili. Ndiyo maana siku ya baridi mfuko hujikunja na kusogea karibu na mwili, na siku ya joto hulegea na kushuka. Hiyo ni kawaida. Tena ni kawaida korodani moja kuning'inia chini kidogo kuliko mwenzake, au moja kuwa kubwa kidogo. Mtu asiende kwa tabibu kwa hofu ya hilo.

Korodani nzima, ukiishika, ni laini juu yake na imara kidogo, kama yai lililochemshwa likamenywa. Nyuma yake utagusa kitu kama kamba laini iliyojikunja. Huo si uvimbe. Ni mrija unaopitisha mbegu. Ni vizuri kila mwanamume ajue yeye mwenyewe alivyo. Ukisha kuoga maji ya vuguvugu, mfuko umelegea, shika korodani moja kwa mikono miwili, uizungushe taratibu kati ya dole gumba na vidole vingine. Kisha fanya hivyo kwa ya pili. Isikuume. Mkulima anayelijua shamba lake huona mapema mmea uliobadilika, naye mwenye kuujua mwili wake huona mapema vilevile.

Neno la kwanza: SAA

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana sehemu hii ndiyo yenye haraka.

Kila korodani imening'inia kwa kamba yake, na ndani ya kamba hiyo imo mishipa ya damu. Mmeona ndoo ya kisimani. Ndoo ikizunguka, kamba hujisokota. Korodani nayo yaweza kuzunguka hivyo. Kamba yake ikijisokota, mishipa hubanwa, damu haipiti. Na kiungo kisichopata damu hufa.

Jambo hili huwapata zaidi vijana wa miaka 12 hata 18, lakini mtu wa umri wo wote aweza kupatwa. Huja ghafla. Kijana aweza kuwa anacheza, au amelala usingizi akaamshwa na maumivu. Dalili zake ni hizi. Maumivu makali upande mmoja. Kichefuchefu, na mara nyingi kutapika. Korodani inayouma hupanda juu kuliko ilivyokuwa, au hulala upande. Baadaye mfuko huvimba na kuwa mwekundu au mweusi zaidi.

MZEE: Na muda wake ni kiasi gani, Mwalimu?

MWALIMU: Saa sita. Akifika mikononi mwa mpasuaji kabla ya saa sita kupita tangu maumivu yaanze, mara nyingi sana korodani huokoka. Kila saa inayopita baada ya hapo, tumaini hupungua. Ikipita siku nzima, mara nyingi imekwisha kufa, na itabidi iondolewe.

Haya, fungueni madaftari tufanye hesabu. Kijana mmoja ameamshwa na maumivu saa tisa usiku. Anaona haya kumwamsha baba yake. Anavumilia hata alfajiri, saa kumi na moja. Mama anaamka, anamwona amejikunja, anamuuliza. Kijana anasema, "Tumbo." Mama anampa chai. Saa moja asubuhi kijana anasema kweli. Baba anatafuta gari, na hospitali yenye mpasuaji iko mwendo wa saa mbili. Je, watafika saa ngapi? Na tangu saa tisa usiku zitakuwa zimepita saa ngapi? Hesabuni.

MZEE: Watafika saa tatu asubuhi. Tangu saa tisa usiku ni… saa sita kamili.

MWALIMU: Saa sita kamili, na bado hajapimwa wala hajaandaliwa. Sasa tazameni saa hizo zimekwenda wapi. Mbili zimekwenda kwa njia, na njia hatuwezi kuifupisha. Lakini nne zimekwenda kwa haya. Kama angemwamsha baba saa tisa ile ile, na gari likapatikana upesi, wangefika saa kumi na moja alfajiri, na saa nne zingebaki mkononi.

MZEE: Ama kweli. Basi kosa si la mtoto peke yake. Sisi baba zake tumemfundisha kwamba mwanamume halii.

MWALIMU: Umesema kweli, mzee. Basi wazazi, waambieni watoto wenu wa kiume tangu leo, kabla jambo halijatokea: "Ukiumwa korodani, niamshe, hata kama ni usiku wa manane. Sitakugombeza wala sitakucheka." Na mtoto wa kiume akilia tumbo la chini, muulize kwa upole kama anaumwa na huko. Wengi husema tumbo kwa sababu neno lile jingine ni gumu kulitamka.

Yaliyo marufuku ni haya. Msimkande kwa maji ya moto. Msimchue kwa mafuta. Msimpe dawa ya maumivu mkamlaza mkasema tutaona asubuhi. Msimpe chakula, kwa sababu huenda akapewa dawa ya usingizi ili apasuliwe, na tumbo tupu ni salama zaidi. Na maumivu yakitoweka yenyewe njiani, msirudi nyumbani. Korodani yaweza kujisokota, ikajifungua, kisha ikajisokota tena usiku mwingine.

Hospitalini mpasuaji hufungua mfuko, huirudisha korodani kama ilivyokuwa, kisha huishona mahali pake isizunguke tena. Na ile ya pili huishona pia, maana ikiwa moja iliweza kuzunguka, mwenzake naye aweza.

Kuna mambo mengine mawili ya kuhesabiwa kwa saa. La kwanza ni ngiri iliyokwama. Ngiri ni utumbo unaoteremka kupitia tundu la kinena, na mara nyingine hufika hata kwenye mfuko wa korodani. Mara nyingi mtu akilala chali utumbo hurudi ndani. Lakini ukikwama, uvimbe ukawa mgumu na wenye kuuma, mtu akatapika na asipate choo wala kujamba, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Msijaribu kuusukuma utumbo kwa nguvu.

La pili ni jeraha. Kijana amepigwa na mpira, au mtu ameanguka juu ya baiskeli. Maumivu ya namna hiyo ni makali, lakini kwa kawaida hupungua upesi. Yakidumu zaidi ya saa moja, au mfuko ukivimba, nendeni hospitali.

Neno la pili: SIKU

MZEE: Mwalimu, darasa letu linauliza hivi. Si kila maumivu ya huko ni kujisokota. Kisonono nacho si huleta maumivu?

MWALIMU: Ndiyo. Kisonono, na maradhi mengine ya zinaa kama klamidia, yaweza kupanda hata kwenye korodani. Vilevile vijidudu vya njia ya mkojo, hasa kwa watu wazima wa umri mkubwa. Mara nyingi maumivu hayo huja polepole, leo kidogo, kesho zaidi. Huenda mtu akawa na homa, akaungua wakati wa kukojoa, au akatoka usaha. Hata matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema, yale ya kuvimba mashavu, yakimpata kijana aliyekwisha balehe huweza kushuka na kuvimbisha korodani siku chache baadaye.

Lakini angalieni: ninyi nyumbani msichague. Msiseme, "Hiki ni kisonono tu, kitangoja hata Jumatatu." Hata tabibu mwenye vipimo mara nyingine huona shida kutofautisha. Maumivu yo yote ya ghafla yahesabuni kwa saa kwanza. Tabibu akisema ni vijidudu, basi shukuruni, mmeze dawa zote hata siku ya mwisho, na mke atibiwe pamoja na mume. Mume akipona peke yake, wataambukizana tena, na dawa itakuwa ya bure.

Sasa nakuja kwenye jambo linalodanganya watu. Nimesema mengi juu ya maumivu. Lakini kuna uvimbe usiouma hata kidogo, nao ndio wa kuogopwa zaidi.

MZEE: Usiouma ndio wa kuogopwa?

MWALIMU: Ndiyo, mzee. Saratani ya korodani mara nyingi huanza kama kipande kigumu ndani ya korodani, kidogo kama punje ya mahindi, kisichouma. Au korodani huwa nzito, au moja hukua kuliko mwenzake ilhali zamani zilikuwa sawa. Mtu hasikii maumivu, basi husema, "Hakuna neno." Maradhi hayo si mengi kwetu Afrika Mashariki kama yalivyo Ulaya, lakini yapo, nayo hupenda vijana, hasa wa miaka 15 hata 35. Watu hudhani saratani ni ya wazee. Hii si ya wazee.

Habari njema ni kwamba saratani hii ni moja katika zile zinazotibika vizuri kuliko nyingine. Mwaka 1974, katika jimbo la Indiana, Marekani, tabibu Lawrence Einhorn alianza kuwapa wagonjwa dawa ya sisplatini ikichanganywa na dawa nyingine. Kabla ya hapo, wengi ambao saratani yao ilikwisha kutawanyika mwilini walikufa. Tangu hapo, wengi wao wamepona. Na aliyekuja mapema, uvimbe ungali ndani ya korodani tu, matumaini yake ni makubwa sana.

MZEE: Lakini ataondolewa korodani. Je, ataitwa mwanamume tena?

MWALIMU: Ataitwa, na atakuwa. Korodani moja iliyo nzima kwa kawaida yatosha kwa sauti, kwa nguvu na kwa kuzaa. Mtu mwenye jicho moja bado anaona njia. Ila matibabu mengine huweza kupunguza mbegu, kwa hiyo anayetaka watoto amwulize tabibu kabla ya kuanza dawa.

Basi ukigusa uvimbe mgumu, usihesabu miezi. Hesabu siku. Nenda wiki hiyo hiyo. Si kila uvimbe ni saratani. Mwingi ni maji, au mishipa iliyovimba, au kifuko kidogo kisicho na madhara. Lakini kidole chako hakiwezi kukuambia upi ni upi. Hospitali wana kipimo cha ultrasaundi, kinachoonyesha picha ya ndani bila kukata wala kuumiza.

Neno kwa wanaolea watoto wachanga

Akina mama, hapa nasema nanyi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni, korodani zake hukaa ndani ya tumbo lake, kisha hushuka kabla ya kuzaliwa. Wengine huzaliwa moja haijashuka, au zote mbili. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Mnapomwogesha, mwili umepata joto, tazameni kama zote mbili zimo mfukoni. Mtoto akifika miezi sita na moja haijashuka, mpelekeni kwa tabibu. Upasuaji wake ni mdogo, na ni vizuri ufanyike kabla ya mwezi wa 18. Korodani iliyoachwa ndani miaka mingi hudhoofika uzazi wake, na hatari yake ya saratani huzidi.

Neno la tatu: MIAKA

MZEE: Sasa, Mwalimu, uniruhusu niulize swali langu mwenyewe. Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu wapo wazee wenye mabusha. Mtu anatembea nalo miaka ishirini. Amevaa kanzu pana, hapandi tena mnazi, harusini hukaa pembeni. Nasi tuliambiwa tangu utoto kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi. Je, ni kweli?

MWALIMU: Si kweli, mzee. Madafu hayana hatia. Dafu ukilinywa huingia tumboni, huingia katika damu, na maji ya ziada hutoka kwa mkojo. Hakuna mfereji wa kuyapeleka kwenye mfuko wa korodani.

MZEE: Mbona basi walipo wanywaji madafu ndipo yalipo mabusha?

MWALIMU: Hilo ndilo swali la mtu mwenye akili. Minazi hustawi pwani, na maradhi haya nayo yamekaa zaidi pwani. Vitu viwili vikionekana mahali pamoja, kimoja si lazima kiwe mzazi wa mwenzake. Mzazi wa mabusha mengi ya pwani ni mbu.

Mbu akimwuma mtu mwenye minyoo midogo sana katika damu yake, huinyonya. Akimwuma mtu mwingine baadaye, humwachia. Baada ya kuumwa hivyo mara nyingi, kwa miezi na miaka, minyoo hukomaa. Huwa myembamba kama uzi, hukaa katika mirija inayorudisha maji ya mwili, na kuiharibu. Maji yakikosa njia katika miguu, mguu huvimba ukawa matende. Yakikusanyika kuizunguka korodani, ni busha. Kwa hiyo matende na mabusha ni ndugu, watoto wa mnyoo mmoja. Minyoo michanga hutembea katika damu ya ngozi usiku, wakati mbu wanapouma. Ndiyo maana zamani wapimaji walikuja kutoa damu usiku, na watu wakashangaa.

Si kila busha limeletwa na mnyoo. Jeraha au maradhi mengine yaweza kuleta maji, na mtoto mchanga aweza kuzaliwa nayo, yakaisha yenyewe. Kwa hiyo kila busha jipya lipimwe. Tabibu hulimulika kwa tochi. Maji hupitisha mwanga, lakini nyama ngumu haipitishi.

MZEE: Na lile la miaka ishirini? Si limekwisha chelewa?

MWALIMU: Halijachelewa. Mpasuaji huyatoa maji, hukata au hugeuza ule utando uliokuwa ukiyashika, kisha hushona. Korodani yenyewe hubaki mahali pake. Mgonjwa hupumzika, kidonda kikapona, akarudi kazini. Mtu asikubali kutobolewa kwa sindano mtaani ili maji yatoke. Maji hayo hurudi, na sindano chafu huingiza usaha. Wala asikatwe na mtu asiye mpasuaji.

MZEE: Nitakwenda kuwaambia, Mwalimu. Yuko mmoja namjua atalia kwa furaha.

MWALIMU: Mwambie. Na kwa vijana ambao bado hawajapatwa, kinga ipo. Tanzania ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na Zanzibar mwaka 2001, kuwagawia watu wote dawa za ivamektini na albendazoli mara moja kwa mwaka ili kukata uambukizo. Dawa hizo hazipunguzi busha lililokwisha kukua, lakini huua minyoo michanga katika damu, mbu asipate cha kubeba. Wagawaji wakipita kwenu, mezeni.

Na mbu mwenyewe apigwe vita. Mbu mmoja anayebeba minyoo hii hupenda kutaga katika maji machafu, hata ya shimo la choo. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vipunje vyepesi vya plastiki vilimwagwa katika mashimo ya vyoo yenye maji. Vilielea vikafunika maji yote. Mbu hakupata pa kutaga, na mbu wachanga majini hawakupata hewa. Watu nao walipewa dawa. Mbu walipungua sana, na maradhi yakapungua. Ninyi nyumbani funikeni mashimo, mwageni maji yaliyotuama, na lalaneni ndani ya chandarua.

Kusema na kuandika hospitalini

Sasa tumefika mahali ambapo kusoma na kuandika kutawasaidia. Watu wengi hufika hospitali wakarudi bila kusema. Mapokezi kuna foleni, nyuma amesimama jirani, mbele ameketi binti mdogo wa kuandikisha. Mzee akiulizwa, "Unaumwa nini?" husema, "Kichwa." Hupewa dawa ya kichwa, akarudi nayo nyumbani pamoja na ugonjwa wake.

Ninyi mna kalamu. Andikeni shida yenu kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na mkifika mpeni mhudumu, akunjue asome. Mambo ya kuandika ni manne: ni wapi, upande gani, tangu lini, na kuna nini kingine. Nakili mfano huu:

"Naumwa korodani ya kushoto. Maumivu yalianza saa tisa usiku. Nimetapika mara mbili. Naomba kuonana na tabibu sasa."

Na mwingine aandike hivi:

"Nina uvimbe mgumu korodani ya kulia. Hauumi. Niliugusa Jumatano iliyopita. Naomba kupimwa faraghani."

Katika mfano wa kwanza mstari wenye nguvu kuliko yote ni ule wa saa. Mhudumu akiusoma atajua kwamba mtu huyu haketi kwenye foleni. Na kama hospitali yenye mpasuaji iko mbali, zahanati yenu iwaandikie barua ya kuwapeleka, nanyi muulize tena, "Je, saa yetu imeandikwa humo?" Una haki ya kuonwa faraghani, na ukitaka tabibu mwanamume, omba, lakini kama hayupo na saa zinakwenda, usingoje. Kwa tabibu, mwanamume au mwanamke, korodani ni kiungo kama sikio. Kazi yake ni kuiponya.

MZEE: Staha tutaishika mtaani, na hospitali tutasema.

MWALIMU: Ndivyo hasa, mzee. Fanyeni kazi iliyo hapa chini.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kijana ameshikwa na maumivu makali ya korodani saa mbili usiku. Saa sita zitakwisha saa ngapi?

2. Kwa nini asipewe chakula akiwa njiani kwenda hospitali?

3. Uvimbe mgumu usiouma huhesabiwa kwa saa, kwa siku au kwa miaka? Eleza.

4. Mtoto wa miezi saba ana korodani moja tu mfukoni. Mama yake afanye nini?

5. Jirani yako asema busha lake limeletwa na madafu. Utamjibuje kwa upole?

6. Andika karatasi ya mistari mitatu ya kumpa mhudumu wa hospitali. Usisahau upande na saa.